Kupunguza Tanga Mapema

Wahenga walisema kwamba ng'ombe hazeeki maini. Maana yake ni kwamba mnyama aweza kuchakaa pembe na ngozi, akakonda hata mbavu zikahesabika, lakini maini yake yakabaki laini kama ya ndama. Methali hiyo husemwa mara nyingi kwa mzaha, kama vile mzee anapoingia ngomani pamoja na vijana. Lakini iko kazi moja ambayo haina nafasi ya mzaha, nayo ni kazi ya bahari. Mzee akikosea hatua ngomani huchekwa. Akikosea hatua chomboni huenda asionekane tena. Basi, mtu aliyezoea tanga na usukani tangu ujana wake aache lini? Na kama haachi, afanye nini ili moyo wake usimpeleke mahali ambapo mwili wake hauwezi kumrudisha?

Jibu laweza kutafutwa katika maisha ya mtu mmoja wa Japani, Bwana Kenichi Horie. Usiku wa tarehe 12 Mei, mwaka wa 1962, Bwana Horie alitoka katika bandari ya Nishinomiya akiwa peke yake ndani ya mashua ya mbao yenye urefu wa futi 19. Umri wake ulikuwa miaka 23. Mashua hiyo aliiita Mermaid, yaani nguva. Aliondoka kwa siri, kwa kuwa wakati ule serikali ya nchi yake haikutoa ruhusa kwa mtu kwenda nchi za ng'ambo kwa mashua ndogo ya matanga, naye hakuwa na pasipoti. Baada ya siku 94 alifika San Francisco, katika Marekani. Mwanzo wakuu wa forodha na uhamiaji walimzuia; ndipo meya wa mji alipomtetea, akampa ufunguo wa mji kwa heshima, naye akapewa ruhusa ya kukaa siku 30. Hivyo Bwana Horie akawa mtu wa kwanza kuvuka Bahari ya Pasifiki peke yake bila kutua.

Miaka 60 ikapita. Mwishoni mwa mwezi wa Machi, mwaka wa 2022, mtu yule yule aliondoka San Francisco kurudi kwao Japani, peke yake tena, katika mashua yenye urefu ule ule wa futi 19, ambayo uzito wake haukufika tani moja. Safari hii alikuwa na umri wa miaka 83. Tarehe 4 Juni, kabla ya mapambazuko, alifika katika mlango wa bahari wa Kii, baada ya siku 69. Akahesabiwa kuwa mtu mzee kuliko wote waliopata kuvuka bahari hiyo peke yake bila kutua.

Msomaji aweza kusema kwamba huyo ni mtu wa ajabu, wala hana mfano wa kufuatwa na watu wengine. Lakini yafaa kutazama vizuri jinsi alivyosafiri. Katika ujana wake alitoka Japani kwenda mashariki kupitia njia ya kaskazini, ambako upepo hubadilika mara kwa mara na dhoruba ni nyingi. Katika uzee wake alikwenda upande wa magharibi. Alishuka kwanza kusini mpaka akaupata upepo wa mashariki unaovuma karibu mwaka mzima katika sehemu hizo, akapita karibu na visiwa vya Hawaii katika mwezi wa Aprili, na upepo ukamsukuma mgongoni karibu njia nzima. Mabaharia wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanaijua sana hekima ya namna hiyo. Majahazi yaliyotoka Uarabuni yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, wala hapana nahodha mwenye akili aliyeona fahari kushindana na upepo mzima wa msimu. Alingoja.

Tena, katika mwaka wa 1962 Bwana Horie alikuwa amekatika kabisa na watu wa nchi kavu. Katika mwaka wa 2022 alikuwa na simu ya setilaiti, na watu wake walipata habari zake siku kwa siku. Alichukua dawa za kutosha, ingawa mwisho wa safari alisema kwamba alitumia dawa ya macho na plasta tu. Basi moyo wake ulikuwa ule ule, lakini mipango yake haikuwa ile ile. Kijana alikwenda kwa siri bila pasipoti; mzee alikwenda watu wote wakijua yuko wapi.

Yafaa kusema wazi jinsi mwili unavyogeuka, kwa sababu mtu huzeeka polepole, naye mwenyewe huwa wa mwisho kutambua. Jicho la mzee hupokea mwanga mchache kuliko jicho la kijana. Kwa hiyo taa ya meli inayoonekana na kijana usiku, mzee huenda asiione upesi. Na akitoka penye taa kuingia gizani, macho yake hukawia kuzoea. Nguvu za mikono na mapaja hupungua mwaka kwa mwaka. Kipimo cha mwili kinachomwezesha mtu kusimama sawasawa juu ya kitu kinachotikisika hudhoofika, na mfupa uliokwisha kukauka huvunjika kwa kuanguka kudogo. Mwili wa mzee hupoteza joto upesi. Hata kiu hupungua, hivyo mzee huweza kukaukiwa na maji mwilini bila kusikia haja ya kunywa, na mtu aliyekaukiwa na maji huchanganyikiwa akili. Katika chombo ambacho mwenye kufikiri ni mmoja tu, hiyo ni hatari kuliko wimbi.

Lakini yako mambo ambayo hayapungui upesi. Kujua dalili za mawingu, kusikia badiliko la sauti ya upepo katika kamba, kukumbuka ni wapi maji hukimbia na ni wapi mwamba ulipo, na kutofanya haraka: hayo huongezeka kwa miaka. Watu walioitazama kazi ya jahazi la pwani wanajua kwamba vijana ndio wanaovuta kamba za kupandisha foromali na tanga lake zito, lakini anayesema tanga lipande au lisipande ni mtu mzima aliyekaa karibu na usukani. Hakuna aliyemdharau kwa sababu hakushika kamba. Mikono yake ilikuwa imeingia katika ulimi na macho yake.

Mzee anayesafiri katika chombo kidogo bila vijana wa kuvuta kamba hana budi kutafuta mikono mingine, na siku hizi mikono hiyo yapatikana katika vifaa. Kifaa cha kwanza ni usukani wa upepo. Ni ubao mwembamba uliosimamishwa nyuma ya chombo. Chombo kikienda upande, upepo huupiga ubao huo ukalala, na kwa kulala kwake huvuta usukani ukarudisha chombo katika njia yake. Hauli chakula, hauhitaji umeme, wala hausinzii, na mzee hupata kulala. Cha pili ni tanga la mbele linalojiviringa lenyewe katika kamba yake ya chuma, hivyo baharia hulikunja kwa kuvuta kamba moja akiwa amekaa nyuma, pasipo kutambaa mpaka omo wakati mawimbi yanapopanda juu. Cha tatu ni winchi za umeme za kuvutia kamba na nanga. Na cha nne, kilicho rahisi kuliko vyote, ni mkanda wa kifuani wenye kamba fupi, ambao baharia huufunga katika kamba ndefu iliyolazwa toka shetri mpaka omo. Akiteleza, hatengani na chombo chake. Wengi waliopotea wakiwa peke yao hawakuuawa na dhoruba. Walianguka majini tu, na mashua ikaenda zake na matanga yake mazuri.

Mfano mwingine wa kufikiriwa ni wa Bibi Jeanne Socrates, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Huyu hakulelewa baharini. Alianza kujifunza kazi ya matanga akiwa mtu mzima, pamoja na mume wake. Mume alifariki kwa ugonjwa wa kansa mwaka wa 2003, naye Bibi Socrates, badala ya kukiuza chombo, aliendelea peke yake. Mwaka wa 2008, alipokuwa amekaribia kabisa kumaliza kuizunguka dunia kwa kutua bandari baada ya bandari, chombo chake kilipanda pwani ya Meksiko kikaharibika. Akapata kingine, akakiita jina lile lile la kwanza, Nereida. Katika mwaka wa 2013, akiwa na umri wa miaka 70, alimaliza kuizunguka dunia yote peke yake bila kutua po pote.

Hata hapo hakutosheka. Mwaka wa 2017, alipokuwa akitengeneza chombo chake kwa safari nyingine, alianguka akavunjika mifupa ya shingo na mbavu. Wako watu wa miaka 30 ambao ajali hiyo ingewatosha kuiacha bahari. Yeye aliingoja mifupa iunge. Aliondoka Victoria, katika Kanada, tarehe 3 Oktoba 2018, akarudi tarehe 7 Septemba 2019, akiwa na umri wa miaka 77. Safari ilikuwa ndefu kuliko alivyotazamia. Tanga lake kuu liliraruka, naye alitumia siku nyingi kulishona kwa mkono, akingoja utulivu, akishona, akiacha upepo unapozidi, akianza tena. Kijana mwenye haraka pengine angetafuta bandari ya karibu. Mwalimu wa hesabu alihesabu chakula chake na maji yake, akaona vyatosha, akaendelea kushona.

Mambo yaliyosemwa mpaka hapa ni mazuri, na mtu akiyasoma aweza kudhani kwamba moyo na vifaa vyatosha. Havitoshi. Upo upande mwingine, nao waonekana katika habari za Mwingereza mwingine aliyesifiwa sana, Sir Francis Chichester. Alizaliwa mwaka wa 1901. Katika mwezi wa Agosti, 1966, alitoka Plymouth peke yake katika chombo chake Gipsy Moth IV, akafika Sydney baada ya siku 107. Chombo kilikuwa na urefu wa futi zaidi ya 50, naye alilalamika kwamba kilikuwa kigumu kukitawala na kwamba kilitaka watu zaidi ya mmoja. Watu wa Sydney walipomwona jinsi alivyokonda, wengi walimsihi asiendelee. Aliendelea. Usiku wa pili baada ya kuondoka wimbi lilikipindua chombo. Kikarudi kusimama, naye akapita Rasi ya Horn na kufika kwao Mei 28, 1967, akiwa na umri wa miaka 65. Malkia Elizabeth II alimtukuza mbele ya watu huko Greenwich kwa upanga ule ule uliotumiwa zamani kumtukuza baharia Francis Drake.

Lau angalitua tanga hapo, hadithi yake ingalikuwa ya ushindi mtupu. Lakini katika Juni 1972, akiwa na umri wa miaka 70 na mgonjwa sana, aliingia katika mashindano ya kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake. Baada ya siku chache nguvu zilimwishia, akageuza chombo kurudi nyumbani. Nchi kavu watu wakaingiwa na wasiwasi, na ndege na meli zikatumwa kumtafuta. Meli moja ya Ufaransa iliyokuwa ikichunguza hali ya hewa ilimsogelea mno, ikakigonga chombo chake na kuvunja mlingoti. Baadaye, ilipokuwa ikienda zake, meli hiyo hiyo iligongana na mashua ya Marekani iliyoitwa Lefteria. Mashua ikazama, na baadhi ya mabaharia wake wakapoteza maisha. Sir Francis alirudishwa nyumbani na mwanawe pamoja na askari wa majini, na tarehe 26 Agosti mwaka ule ule akafariki.

Si haki kumtwika mzee mgonjwa makosa ya meli aliyokuwa haiongozi yeye. Lakini habari hiyo haifai kusahauliwa kwa sababu ya sifa zake. Mtu anayesema, "Maisha ni yangu, nikifa nimekufa mwenyewe," husema kana kwamba bahari ni tupu. Bahari si tupu. Mzee akipata taabu, wako vijana watakaotumwa usiku katika mawimbi yale yale kumtafuta, nao wana wake zao na watoto wao. Wako pia watu wa nyumbani mwake watakaokaa siku nyingi bila habari. Kwa hiyo ruhusa ya kusafiri katika uzee haitoki katika moyo wa msafiri peke yake.

Hapa ndipo ilipo maana ya kupunguza tanga mapema. Mabaharia wazuri huwafundisha vijana kwamba tanga hupunguzwa mara mtu anapoanza kujiuliza kama upepo umezidi, wala si baada ya kupata hakika. Akingoja hakika, tanga limekwisha kujaa, kamba imekaza kama chuma, na kazi iliyokuwa ya mtu mmoja imekuwa ya watu watatu. Katika jahazi la pwani jambo hilo ni zito zaidi, kwa sababu tanga kubwa hushushwa zima likabadiliwa kwa dogo, na nahodha anayechelewa huenda asipate nafasi ya kulishusha. Anayepunguza mapema hupoteza maili chache tu. Anayechelewa huweza kupoteza mlingoti.

Mzee naye hupunguza tanga lake namna hiyo hiyo. Mwaka mmoja huacha kuingia bandarini usiku, akipanga safari zake afike jua likiwa juu. Mwaka mwingine huuza chombo kikubwa akanunua kidogo, chenye tanga analoweza kulishusha kwa mikono yake mwenyewe siku ambayo umeme umekatika. Huacha safari za majuma mengi akafuata pwani, alale nangani kila jioni. Hupimwa macho na moyo kwa daktari kabla ya msimu, wala hangoji mpaka aanguke. Huchukua mwenziwe mwenye umri mdogo, akampa usukani, naye akabaki na dira na ushauri. Hunywa maji kwa saa, si kwa kiu. Na kabla ya kuondoka humwambia mtu mmoja wa nchi kavu njia atakayopita na siku atakayofika, akaishika ahadi hiyo kama deni.

Kila hatua ya namna hiyo huuma kidogo, kwa kuwa yafanana na kushindwa. Lakini mtu aliyezipiga hatua hizo moja moja kwa hiari yake hubaki baharini miaka mingi baada ya wenzake wakaidi kuondolewa kwa nguvu, na ugonjwa au na msiba. Siku ya mwisho ya kushika usukani nayo itafika. Heri imkute tayari amekwisha kumfundisha mwingine. Mzee aliyekaa shetri, akamwonyesha mjukuu wake nyota na kumwambia ni kwa nini wingu lile si jema, bado ni baharia, ingawa hashiki kamba hata moja.

Watu wa bara ambao hawajapata kuonja maji ya chumvi nao wanayo matanga yao. Mkulima aliyelima ekari kumi katika ujana wake, akalima tatu katika uzee na kuzilima vizuri, huku wanawe wakizishika saba mbele ya macho yake, hajaacha ukulima. Lakini yule anayeng'ang'ania zote kumi mpaka magugu yazifunike, asimpe mtu jembe wala shauri, atayaacha mashamba siku moja tu, na watoto wake hawatajua hata mpaka uko wapi. Karani naye aliyemwonyesha kijana jinsi ya kuviweka vitabu vya hesabu miaka miwili kabla ya kustaafu huitwa na kuulizwa habari za kazi hata baada ya kustaafu. Na yule aliyeficha ujuzi wake husahauliwa mara anapoufunga mlango.

Bwana Horie aliporudi Japani mwaka wa 2022 hakusema kwamba amemaliza. Alisema anatumaini kuendelea mpaka afike umri wa miaka mia moja. Huenda asifike, kwani umri hupangwa na Mungu. Lakini aliyekwenda na upepo mgongoni, katika mashua ndogo aliyoiweza, watu wake wakijua yuko wapi, hakuwa mzee anayejidai kijana. Alikuwa mzee anayejua kwamba ni mzee, na kwa sababu hiyo akafika.